Saa ya GPS niliyomvisha Mama: nyota tatu na nusu

Bei kwanza, maana ndiyo kila mtu anayouliza akiiona mkononi mwa Mama. Nililipa shilingi 4,500. Muuzaji alianzia 6,000, nikamwambia mimi ni fundi cherehani na najua bei inavyoshonwa, akacheka akashuka. Hapa Nakuru zinapatikana mjini, kwenye yale majengo yaliyokatwakatwa kuwa stoli, huku chaja, huku vioo vya simu, huku wigi. Boksi halina jina la kampuni la kueleweka. Lina picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka, mkoba wa shule mgongoni. Mvaaji wangu ana miaka 76, alifundisha shule za msingi huko Gusii hadi akastaafu, na siku hizi akivuka geti peke yake hajui kurudi.

Usihangaike kutafuta saa ya wazee. Mimi kila nilipoulizia nilionyeshwa hii hii ya watoto, na kwa kazi niliyoitaka naona inatosha: ina pa kuweka laini ya simu, ina GPS, yaani inajua mahali ilipo kwa kutumia satelaiti, ina kitufe cha kuomba msaada, na inatuma mahali ilipo kwenye simu yako.

Daktari ameandika Alzheimer. Ndiyo aina ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, inayowapata wengi kuliko nyingine zote. Shirika la Afya Duniani linasema huenda ni asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa dimenshia. Kabla ya kuandika hivyo daktari alitaka kwanza vipimo vya tezi ya shingo, vitamini B12, mkojo, presha na sukari, kwa sababu kuna mambo mengine yanayoweza kumchanganya mzee na yakitibiwa akapata nafuu. Kwa Mama hayakuwa hayo. Majirani zetu hapa Mwariki wanasema shosho amezeeka tu. Huko nyumbani walikuwa wameanza kusema neno lingine.

Hilo neno lingine ndilo lililonifanya nimlete mjini, na baadaye ninunue saa. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani, kaunti ya Kisii, kwa kushutumiwa uchawi. Wakati huo Mama alikuwa bado anaishi kwake, na alikuwa ameanza kutoka usiku. Fikiria mzee anakutwa saa tisa za usiku ndani ya boma la watu, amejifunga leso moja, hajui amefikaje na hata jina la mwenye boma, aliyemfundisha kusoma mwenyewe, halikumbuki. Kuna mahali ataletewa kiti na blanketi. Kuna mahali wataitwa vijana. Ndugu zangu walisema nisikuze mambo. Sikubishana nao, nililipa nauli.

Kwa hiyo anayesema saa hizi ni anasa ya watu wa mjini, mimi na yeye hatuzungumzii kitu kimoja. Mchana niko kwenye cherehani yangu karibu na soko la Wakulima. Mama yuko nyumbani na msichana anayenisaidia, na ploti yetu ina wapangaji wengi na geti moja ambalo kila mtu anaamini mwenzake atalifunga.

Kuiwasha si kazi ngumu, ila kuna mitego, na karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi ilitafsiriwa kwenda Kiingereza na mtu aliyekuwa na haraka. Nunua laini mpya, isajiliwe kwa kitambulisho chako. Iweke kwanza kwenye simu ya kawaida, uondoe namba ya siri ya laini, ununue bando la intaneti, ujaribu kupiga na kupigiwa. Ndipo uihamishie kwenye saa. Bando chukua lile lisiloisha muda, maana saa inakula kidogo sana, na bando la siku litaisha muda wake likiwa karibu zima. Na ujue hili: bando likiisha, saa haipigi kelele. Ramani itaendelea kukuonyesha mahali pa mwisho palipotumwa. Utaona alama imekaa juu ya nyumba yako, utashukuru Mungu, kumbe ni ya asubuhi. Chini ya alama kuna maandishi madogo ya muda. Hayo ndiyo ya kusoma kwanza, kabla ya alama yenyewe.

Mtego wa pili ni saa yenyewe kama saa. Yangu ilitoka dukani ikisoma majira ya China, ambayo yako mbele yetu kwa saa tano. Saa saba mchana Nakuru, mkononi mwa Mama ni saa kumi na mbili jioni. Kwa mtoto wa shule hilo ni jambo la kucheka. Mama ni mwalimu, saa ndiyo iliyomwendesha tangu ujana wake, kengele, paredi, vipindi. Aliitazama mara moja, akainuka, akaanza kukusanya vitu vyake ndani ya kiondo ili aende nyumbani kabla giza halijaingia, jua likiwa utosini. Na jioni ni wakati wake mbaya hata bila ya kudanganywa na mtu. Wagonjwa wengi wa aina yake machweo yakikaribia huingiwa na wasiwasi, wanataka kwenda kwao hata wakiwa wamekaa juu ya kitanda chao. Sasa hebu fikiria kuwaletea jioni mbili kwa siku moja. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya saa iliyo kwenye simu yako uweke GMT+3, ndiyo majira yetu, kabla hujamvisha mtu.

Ukiwa huko huko, chagua uso wenye mishale. Ule wa tarakimu unaoandika 19:00 haumwambii kitu mtu wa umri wake aliyezoea saa moja usiku. Mishale aliisoma palepale, na hadi leo anaisoma bila kukosea, ingawa baada ya dakika mbili atakuuliza tena ni saa ngapi na atakataa jibu lako mpaka ahakikishe mwenyewe.

Rangi zilikuwa nyeusi, buluu na waridi. Alichagua waridi, akasema nyeusi ni ya wanaume. Nilimweleza kazi yake waziwazi, kwamba inanisaidia kujua alipo. Akanitazama kwa huruma akasema, "Vizuri, mwanangu, maana wewe unapotea sana."

Mkanda. Hapa mnivumilie, ndiyo kazi yangu. Mkanda uliokuja nao ni wa silikoni, wenye matundu na pini, mfungo wa kumshinda mtoto wa miaka mitano labda, lakini mwalimu mstaafu mwenye mchana mzima wa kukaa na kupapasa hauwezi kumshinda. Siku za mwanzo tuliikuta saa kwenye kopo la majani chai, chini ya mto, na mara moja ndani ya kiatu cha mpangaji jirani, imepangwa vizuri kabisa. Halafu silikoni inashika jasho. Ngozi ya mzee ni nyembamba, ikikaa na unyevu inatoka vipele, na saa ikimwasha ataing'oa.

Nikaishonea ala. Chukua kitambaa cha pamba kile tunachotumia kwa mifuko ya ndani ya suruali, si poliesta, kata utepe wa kuzunguka mkono na ziada ya vidole viwili. Utepe unapita chini ya saa na ndio unaogusa ngozi, juu unaacha dirisha la uso na tundu dogo la pembeni la kuchajia. Mwanzoni nilitia velkro. Velkro inalia, na ule mlio wenyewe unamfundisha pa kuvuta. Nikaitoa nikaweka vifungo viwili vya kubonyeza, upande wa nje wa mkono karibu na kifundo, chini ya ukingo wa kitambaa. Kidole kinachotafuta pini kinatafuta upande wa ndani, kwa sababu saa zote alizovaa maishani zilifungiwa huko. Hajawahi kuvipata. Lastiki usitie hata kidogo, mkono wa mzee unaweza kuvimba ikifika jioni, na lastiki haina adabu. Shona ala mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mkononi.

Sehemu ya simu nimeizima. Unaweza kuipangia saa ijipokelee yenyewe ukipiga, na dukani hilo ndilo lililosifiwa kuliko yote. Basi nikapiga kutoka kazini. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua maharagwe. Sauti yangu ikatoka mkononi mwake: "Mama, habari ya saa hizi?" Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akageuka nyuma ya kiti. Kisha akaunyoosha ule mkono mbali na mwili, hataki kuusogelea, akauliza kwa sauti ya darasani, "Wewe ni nani, na umeingilia wapi?" Nilimsikia vizuri kwenye simu. Maharagwe yalimwagika yote. Msichana alinisimulia baadaye akicheka, na kweli ukisimuliwa inachekesha, lakini Mama anatoka mahali ambapo sauti isiyo na mtu ina maelezo yake, na jioni ile hakula. Mgonjwa wa mtu mwingine huenda atafurahia. Wa kwangu sitamjaribu tena.

Kuna kitu kingine ndani ya programu hizi ambacho hawakusifii dukani: kusikiliza kwa siri. Unatuma amri, saa inakupigia bila kulia wala kuwaka, unasikia kila kinachosemwa karibu nayo. Ujerumani mwaka 2017 walipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo huo, na wazazi waliokuwa nazo wakaambiwa waziharibu. Kwetu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini pale stolini sikusikia mtu akiitaja. Mimi sikigusi kitufe hicho. Msichana anayemwogesha Mama ni mtu mzima, ana haki ya kumlalamikia dadake kwenye simu kuhusu mimi bila mimi kuwepo. Na namba ya siri iliyotoka kiwandani ni moja hadi sita kwa mfululizo, ibadilishe siku hiyo hiyo. Sikuweka picha ya Mama wala jina lake halisi. Mahali alipo mama yangu kila baada ya dakika kumi panapitia kwenye kompyuta za watu nisiowajua, na hilo halinifurahishi, nimelimeza tu.

Sasa ramani, ambayo ndiyo unailipia. Nje, anga ikiwa wazi, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Inakosea mita chache tu, unaweza hata kujua yuko upande gani wa barabara. Ndani ya nyumba ni habari nyingine. Chini ya mabati saa haizioni satelaiti, basi inakisia kwa kutumia minara ya simu iliyo karibu, na kisio hicho kinaweza kukosea mita mia kadhaa, hata zaidi ya kilomita. Sisi tumepakana na Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kuna jioni nilikuwa nimeketi cherehani, nikafungua simu nikamkuta Mama katikati ya hifadhi, upande wa nyati. Nikapiga nyumbani mikono ikitetemeka. Alikuwa jikoni anakunywa uji.

Programu ina alama mbili za rangi tofauti, moja ya satelaiti, moja ya mnara. Muuzaji hakuniambia, karatasi haikuniambia, nimeigundua kwa kuishi nayo. Ukiona ya mnara, usiamini na usiogope. Ukiona ya satelaiti na Mama anapaswa kuwa ndani, inuka.

Ndiyo maana ile sifa ya uzio, kwamba unachora duara kuzunguka nyumba na akilivuka simu inalia, inafaa mchana na haifai usiku. Duara dogo kabisa linalokubalika kwenye yangu ni la mita 200, na usiku mtu amelala fofofo ndani ya nyumba huku kisio cha mnara kinarukaruka: ametoka, amerudi, ametoka. Ukiamshwa hivyo usiku kucha, utakapoamshwa kwa jambo la kweli utageukia ukutani. Usiku nimeizima. Mlangoni nimebandika kile kikengele cha betri chenye sumaku, kinachouzwa kwa shilingi mia chache madukani kwa ajili ya wezi. Mlango ukifunguka kinalia. Kile kingekuwa ndicho ninachokihakiki hapa ningekipa nyota tano na ningekuwa nimemaliza aya ya kwanza.

Lakini mchana imefanya kazi, na nitaeleza ilivyofanya, kwa sababu matangazo yanaeleza vingine.

Nilikuwa na mteja wa suti ya harusi amesimama mbele yangu, pini mdomoni mwangu, chaki mkononi. Simu ikalia, mlio wa uzio. Nikaangalia rangi: satelaiti. Mama yuko nje, kwenye barabara ya kuelekea Kaptembwo. Nyumbani, msichana alikuwa nyuma anaanika nguo, geti liko wazi. Programu ina kitufe cha kuiomba saa ijibu sasa hivi badala ya kungoja zamu yake. Nikabonyeza, ikajibu baada ya muda uliotosha mimi kutema pini zote. Alikuwa amesogea mbele. Anatembea. Mama kutembea hajasahau.

Kutoka mjini hadi pale, hata boda aruke vipi, Mama angekuwa ameshafika mbali au ameshaingia kwenye gari. Nikampigia kijana wa steji ya bodaboda ya pale kwetu, ambaye namba yake ninayo na yeye ana picha ya Mama kwenye simu yake. Nikamwambia upande na alama, pale pa mwisho ramani ilipomwonyesha, karibu na kanisa la mabati ya buluu.

"Fundi, niko hapa kanisani, hayuko."

"Endelea mbele, alikuwa anatembea. Uliza."

Kimya, upepo wa pikipiki, watu wanasalimiana. Halafu: "Nimempata. Yuko kwa mama mboga, amepewa stuli na ndizi. Anasema anangoja gari la Kisii."

"Usimwambie amepotea."

"Najua, mathe." Nikamsikia akigeuka, sauti imebadilika, ya heshima: "Shikamoo, mwalimu. Gari la Kisii limehamishwa, linapakia huku kwetu. Nikubebe?"

Na mwalimu akapanda, maana dereva mwenye adabu hakataliwi.

Angalia basi ni nani alifanya nini. Saa ilinipa upande, na upande ni kitu kikubwa. Kabla ya saa, alipotoka, tulikuwa tunatawanyika njia nne tukiita na kuulizana, na mtu wa kumkimbiza ukimtuma upande usio wake umempoteza mara mbili. Lakini alama ilikuwa ya pale alipokuwa, na alipokuwa si alipo. Pengo hilo halikuzibwa na satelaiti, lilizibwa na kijana aliyejua kuuliza na mama mboga aliyeona mzee amechoka akampa stuli. Ukinunua saa na huna mtu wa kumpigia aliye karibu na mgonjwa kuliko wewe, umenunua njia ya gharama ya kutazama mama yako akipotea. Kwa hiyo kabla ya kwenda stolini, nenda steji. Soda chache na picha. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya bei ambayo haikuandikwa kwenye boksi, na vijana wale hawajawahi kunidai zaidi ya nauli.

Betri ni ya wastani. Ukiiweka itume mahali kila dakika, saa tisa alasiri imekufa, yaani inakufa wakati ule ule ambao Mama anaanza kutafuta kiondo. Kila dakika kumi inafika usiku. Chaja yake ni waya wa sumaku unaobandikwa pembeni, na sumaku yenyewe ni hafifu, ukigusa meza inaachia. Usiichaji usiku kama simu, utaisahau mezani asubuhi na mvaaji ameshaamka. Sisi tunaichaji anapooga, inaendelea hadi amalize chai, kisha inarudi mkononi kabla hajainuka mezani. Hiyo pia inatuokoa na swali la maji. Boksi linasema IP67, kipimo cha kitu kinachostahimili kuzamishwa maji ya mita moja kwa nusu saa, na mimi boksi hilo siliamini kiasi hicho. Ila ameosha sufuria nyingi akiwa nayo na bado inaenda.

Kitufe cha kuomba msaada ni bure kwa mgonjwa wa namna hii. Aliyepotea hajui amepotea, atambonyezea nani? Mama alikibonyeza kwa sababu kipo. Kikimaliza kunipigia mimi kinampigia kaka yangu wa Eldoret, ambaye aliamshwa alfajiri akasikia watu wakiimba nyimbo za kanisa. Nimeziondoa namba zote mle, kimebaki pambo.

Kuna kazi saa haiwezi na ningependa mtu asome hapa kabla hajaongeza teknolojia nyingine juu yake. Mzee akizidiwa na kuzurura ghafla, ndani ya siku mbili tatu, tofauti na alivyo kila siku, hapo si ugonjwa wa kusahau umepanda tu. Mpeleke akapimwe, mkojo hasa. Maambukizi ya njia ya mkojo humchanganya mzee hata kama halalamiki maumivu. Uliza pia dawa alizopewa. Baadhi ya vidonge vya mafua na mzio, vile vinavyoleta usingizi, vinajulikana kuzidisha kuchanganyikiwa kwa wazee, na huuzwa kwa urahisi kama peremende. Muuguzi ndiye aliyenifungua macho kwa hilo, ramani ilikuwa inaniambia tu kwamba Mama anatembea sana wiki hiyo.

Na hata ukiwa na saa, shona namba. Kwenye kila nguo ya Mama, ndani ya kola, nyuma, mahali asipopaona akaanza kupafumua, kuna kitambaa kidogo chenye namba yangu na maneno "tafadhali piga". Uzi wa nailoni, maana wa kawaida unafifia kwa kufuliwa. Jina lake sikuandika. Mtu mbaya akimwita kwa jina atamfuata, ameshasahau nyuso na sasa anamwamini yeyote anayemjua jina. Fundi yeyote mtaani kwako atakushonea kwa bei ya chai.

Kuhusu muuzaji, simtaji na sina ugomvi naye. Alinisaidia kuweka laini, akanisubiri mpaka programu ikafunguka. Lakini aliniambia inaonyesha popote, hata ndani ya nyumba, na juu ya kichwa chake pana kibao kwamba mali ikishauzwa hairudi. Ukienda kununua, nenda na laini iliyo tayari, yenye bando. Iwekeni pamoja, kisha utoke naye nje hadi barabarani penye anga, mngoje mpaka ramani iseme mko hapo na rangi iwe ya satelaiti. Yangu ilichukua dakika kadhaa mara ya kwanza, hiyo ni kawaida. Akikataa kutoka nje, stoli nyingine ziko hatua tatu.

Nyota tatu na nusu, basi. Moja imeenda kwa yale majira ya China na karatasi isiyosaidia mtu, nusu kwa ule uzio wa usiku. Hii yangu inatumia mtandao wa 2G. Zipo za 4G ambazo wanasema zinakisia vizuri zaidi ndani ya nyumba kwa kutumia waifai za jirani, lakini nilizoonyeshwa zilikuwa karibu mara mbili ya bei na betri yao muuzaji mwenyewe hakuisifu. Ikifa hii nitanunua nyingine ya aina hii hii, kwa sababu ala zake nimeshazishona. Ila sitazidisha 4,000, na pesa muuzaji atazipata barabarani.